KRA na TRA: nani anakusanya zaidi, na kodi inatoka mfukoni mwa nani?

Mwana_Kilindini aliandika:

Wakuu, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kila ifikapo Julai ubishi ni ule ule. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inatoa hesabu zake za mwaka, TRA, ile ya Tanzania, inatoa zake, na kwenye mabaraza ya kahawa hapa Mombasa watu wanagawanyika. Huyu anasema Kenya imewaacha Watanzania mbali sana, yule anasema Watanzania wanakuja kasi na karibu watatupita. Mimi ni wakala wa forodha. Kodi za nchi hizi mbili nazishika kila wiki, na ubishi huu unaniuma kwa sababu tunarushiana tarakimu bila kuuliza zimetoka kwa nani. Nimeandika marefu, mnivumilie.

Miaka ya fedha ya nchi zote mbili inaanza Julai mosi na kufungwa Juni 30, kwa hiyo hapo tuko sawa. Mwaka wa 2024/25 KRA ilikusanya shilingi za Kenya trilioni 2.571. TRA ilikusanya shilingi za Tanzania trilioni 32.26. Katikati ya 2025 shilingi yetu moja ilikuwa kama 20 za Tanzania, maana yake makusanyo ya TRA ni kama trilioni 1.6 kwa pesa zetu. Kenya iko juu kwa zaidi ya nusu.

Lakini angalieni mtego ulipo. Januari 2024 shilingi yetu ilikuwa imeporomoka, dola moja ilifika kama 160, na kwa Tanzania ulikuwa ukipata kama 16 tu kwa shilingi moja ya Kenya. Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa bei ya Januari ile, pengo linapungua sana, na hakuna afisa wa kodi hata mmoja aliyebadilisha kazi yake. Anayekuletea ulinganisho wa nchi mbili mwulize kwanza ametumia bei ya siku gani.

Sasa gawanya kwa watu. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Idadi zimeongezeka kote kuwili tangu hapo, ila uwiano haujahama sana. Kwa kila kichwa, KRA inakusanya takriban mara mbili ya TRA. Hapo ndipo Wakenya wengi humu wanaposimama na kupiga kifua.

Mimi nasema msisimame hapo. Uchumi wa Kenya wa 2024 ulikuwa karibu dola bilioni 120, wa Tanzania karibu bilioni 79. Uchumi wetu ni mkubwa kwa mara moja na nusu hivi, na makusanyo yetu ni makubwa kwa mara moja na nusu na kitu kidogo juu. Tofauti karibu yote imeliwa na ukubwa wa uchumi. Ukipima kodi kwa pato la taifa, nchi zote mbili zinazunguka kati ya asilimia 13 na 16, kutegemea umeingiza tozo gani kwenye hesabu, Kenya ikiwa mbele kidogo tu. Itifaki ya umoja wa fedha ya Afrika Mashariki ya 2013 ilitaja asilimia 25 kama lengo. Wote wawili tuko mbali nalo.

Na mwendo? Mwaka 2021/22 KRA ilivuka trilioni 2 kwa mara ya kwanza, ikafunga na 2.031. TRA mwaka huo ilikuwa na kama trilioni 22. Kutoka hapo hadi 2024/25 sisi tumepanda kwa kama robo, wao kwa kama asilimia 45. Mwaka wa mwisho peke yake KRA ilikua kwa asilimia 6.8, TRA kwa zaidi ya asilimia 16. Na katika miaka hiyo bei za bidhaa kwetu zilipanda haraka kuliko kwao, kwa hiyo ukuaji wetu ukiuondolea mfumuko unabaki mwembamba.

Haya, sasa mfukoni. Mchukueni mfanyakazi wa kampuni binafsi hapa Mombasa anayelipwa 50,000 kwa mwezi, na mwenzake wa Dar anayelipwa milioni moja ya Tanzania, ambayo ni karibu sawa. Kwa viwango vya 2025, wa Mombasa anakatwa NSSF, yaani akiba ya uzeeni, 3,000, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 1,375, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 750, halafu PAYE, kodi ya mshahara, kama 5,850. Anabaki na kama 39,000. Wa Dar anakatwa NSSF asilimia 10, yaani laki moja, kisha kodi ya mshahara 103,000. Anabaki na 797,000, ambazo kwetu ni karibu 39,850.

Wamefika nyumbani na pesa karibu sawa! Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia. Tofauti iko kwenye aina ya makato. Karibu nusu ya makato ya wa Dar ni akiba yake ya uzeeni. Wa Mombasa sehemu kubwa imekwenda serikalini na kwenye tozo, na akiba yake ya uzeeni ni ndogo.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: Kenya haikusanyi zaidi kwa sababu KRA ni hodari kuliko TRA, wala kwa sababu Mkenya ni mzalendo kuliko Mtanzania. Inakusanya zaidi kwa sababu ina watu wengi zaidi ambao kodi inawafikia kabla pesa haijawafikia: mwenye mshahara wa kuandikwa, mnunuzi wa mafuta, muagizaji wa mzigo. Nje ya hao, Kenya na Tanzania zinafanana. Watu wengi wako kwenye kilimo, uvuvi, vibanda, bodaboda na bajaji, na serikali zote mbili zinahangaika namna ya kuwafikia bila kuwavunja.

Karibuni tujadili, ila kwa hesabu.

---

Muheza_Kwetu alijibu:

Mkuu Mwana_Kilindini, shikamoo kwa kazi hii. Mimi niko Tanga, machungwa yangu yanavuka mpaka wa Horohoro kuja soko la Kongowea huko Mombasa, kwa hiyo haya yananihusu.

Ongeza jambo moja. Ukilinganisha KRA na TRA peke yake, unaiacha nje sehemu ya mapato yetu. Mrabaha wa dhahabu hauko TRA, unakusanywa na Tume ya Madini. Sheria za 2017 zilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali ikachukua hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi bila kulipia. Ndiyo ilizaa Twiga, ile kampuni ya ubia na Barrick, baada ya mvutano mrefu na Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi hiyo. Nyinyi hamna dhahabu ya kiwango hicho, kwa hiyo kwenu pengo kati ya KRA na mapato yote ya serikali ni la namna nyingine.

Na Zanzibar pia. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya ndani ya Visiwani inakusanywa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, siyo TRA.

Halafu usiwasifu TRA kwa kasi tu bila kusema kasi ile iliuma wapi. Kariakoo maduka yalifungwa Mei 2023, yakafungwa tena Juni 24, 2024, na mgomo ukaingia mikoani. Wafanyabiashara walilia kamatakamata, makadirio makubwa kuliko mtaji, na faini za risiti za EFD, zile mashine za kodi za dukani. Kesho yake, Juni 25, vijana wenu waliokuwa wakipinga kodi mpya waliingia Bungeni Nairobi. Siku mbili mfululizo, nchi mbili, sababu moja!

---

Mwana_Kilindini alijibu:

Muheza_Kwetu, marahaba ndugu yangu. Hilo la tarehe ni la kuwekea alama, na mimi naliona ndiyo kiini cha yote.

Mswada wa Fedha wa 2024 kwetu ulilenga kupata shilingi bilioni 346 za nyongeza. Rais Ruto aliuondoa Juni 26. Kwenu, Oktoba mwaka ule ule, Rais Samia aliizindua tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Majibu ya serikali yalitofautiana, ila shinikizo lilikuwa moja: watu walioko ndani ya wavu wa kodi walichoka kuvutwa wao tu.

Kuhusu madini uko sahihi kabisa. Anayetaka mapato yote ya serikali aongeze pia pesa za halmashauri kwenu na za kaunti kwetu. Hapa Mombasa kodi ya ardhi na majengo, leseni za biashara na ada za maegesho vyote vinaingia kaunti, haviko kwenye trilioni 2.571.

---

Mama_Marikiti aliandika:

Jamani mnaongea trilioni, mimi naongea duka. Nauza viungo na nafaka soko la Marikiti hapa Mombasa, na nina dada yangu anafanya biashara hiyo hiyo Tanga mjini. Mauzo yetu hayapishani sana. Mimi nimeambiwa nisajili VAT, yeye hajaambiwa. Kwa nini?

Na lingine. Msambazaji mmoja niliyenunua kwake mzigo mkubwa alikataa kunipa ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, akasema nikitaka ankara bei itapanda. Nikachukua mzigo kwa sababu wateja walikuwa wananingoja. Mwisho wa mwaka mhasibu akaniambia gharama ile haihesabiki, kwa hiyo imeonekana kama faida na nimeilipia kodi. Faida ambayo sikuipata! Mtu mdogo anaumia kwa kosa la mtu mkubwa.

---

Mwana_Kilindini alijibu:

Dada yangu, pole sana, na nakujibu kwa urefu maana swali lako ndilo linaloonyesha tofauti halisi ya nchi hizi mbili.

VAT kwetu ni asilimia 16 na kwao Bara ni 18. Watu wakiona hivyo wanadhani Tanzania ndiyo kali. Lakini tazama mlango wa kuingilia. Kenya mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka lazima usajili. Tanzania mlango ni milioni 200 za kwao, uliopandishwa 2023 kutoka milioni 100, na hizo ni kama milioni 10 za kwetu. Kwa hiyo duka la mauzo ya milioni 7 hapa Marikiti liko ndani, na duka lile lile Tanga liko nje. Mswada wetu wa 2024 ulikuwa na pendekezo la kuupandisha mlango huu hadi milioni 8, nao ukaondolewa pamoja na mengine yote. Hili ni moja la mambo mazuri yaliyopotea mle, na sijasikia watu wengi wakilililia.

Dada yako, kama mauzo yake hayazidi milioni 100 za Tanzania, yuko kwenye kodi ya makadirio. Chini ya milioni 4 za Tanzania kwa mwaka hatozwi, halafu kiwango kinapanda kwa ngazi hadi mauzo ya milioni 100. Kwetu anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25, na hayuko kwenye utaratibu wa kawaida wa kodi ya faida, analipa asilimia 3 ya mauzo, iliyokuwa asilimia 1 kabla ya Sheria ya Fedha ya 2023. Asilimia 3 ya mauzo, siyo ya faida. Anayeuza nafaka kwa faida nyembamba anaihisi kuliko fundi ambaye gharama yake ni mikono yake tu. Kodi ya namna hii ni rahisi kwa mkusanyaji, na uzito wake wote anaubeba mwenye duka. Naipinga kwa wauza vyakula, wazi kabisa.

Kuhusu eTIMS: kuanzia Januari mosi 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo ule haikatwi kwenye hesabu ya faida. Nia ni kwamba kila mnunuzi amkamate muuzaji wake. Tanzania walianza mashine za EFD tangu 2010 na wito wao wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Mfumo ni ule ule, na kasoro ni ile ile uliyoipata: mwenye nguvu katika biashara ndiye anayeamua kama risiti itatoka, na anayeadhibiwa ni aliye chini yake. Kama serikali inataka kweli huo mfumo, ianzie kwa wasambazaji wakubwa na waagizaji, ambao ni wachache na wanajulikana, kabla ya kumfikia mama wa Marikiti.

---

Muheza_Kwetu alijibu:

Mama_Marikiti pole dada. Huku kwetu pia kuna risiti bandia na kuna "bei ya risiti na bei bila risiti". Ila TRA walipata njia moja ya kimya. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ukinunua umeme, unakatwa kidogo kila mwezi, nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000. Hakuna afisa mlangoni. Manung'uniko makubwa ni ya wapangaji, maana anayenunua umeme ni mpangaji na mwenye nyumba ametulia.

Mwaka huo huo walijaribu tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Ile ilikataliwa na watu kwa vitendo, tukarudi kubeba pesa taslimu mifukoni. Haikupita miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena.

---

Mwana_Kilindini alijibu:

Na tofauti hapo ni ya maana. Tozo yenu ya 2021 ilifuata kiasi unachotuma. Yetu, ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, unafuata ada ya kampuni ya simu tu. Ukimtumia mama yako 5,000, kodi inahesabiwa juu ya ada ya kutuma, siyo juu ya 5,000. Ndiyo maana ya kwetu ilipandishwa kutoka 12 hadi 15 mwaka 2023 na watu wakanung'unika tu, na ya kwenu ikatikisa nchi. Kukatwa kwenye pesa yenyewe kunamfanya mtu ajisikie ameibiwa.

Mafuta ni kinyume chake. Sheria yetu ya 2023 ilipeleka VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Tanzania petroli na dizeli hazina VAT, wanategemea ushuru wa bidhaa na tozo za barabara. Mwenye tuktuk wa Likoni hana karatasi ya mshahara na hajawahi kuandika ritani yenye kodi, lakini kila lita anayotia analipa. Naomba tuache kusema kwamba watu wa vibanda na tuktuk "hawalipi kodi".

---

Mvita_Mkongwe aliandika:

Mimi mzee wenu nina swali moja. Bandari ni yetu. Meli zinapanga foleni Kilindini usiku na mchana. Mwaka 2024 bandari ilipitisha tani zaidi ya milioni 41 na makontena milioni mbili. Pesa hizo mbona Mombasa hatuzioni? Na hawa Watanzania na bandari yao ya Dar wanazifanyia nini zao?

---

Mwana_Kilindini alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Hapa ndipo kazini kwangu, nitakueleza kama ninavyoiona kila siku.

Tani siyo kodi. Sehemu isiyo ndogo ya mzigo unaoshuka Kilindini ni wa kupita tu, na mteja mkubwa ni Uganda. Mzigo wa kupita haulipi ushuru wa forodha Kenya. Tangu utaratibu wa himaya moja ya forodha uanze 2014, mzigo wa Kampala unakadiriwa na kulipiwa kwa mamlaka ya Uganda ukiwa bado bandarini, kisha unatolewa kwa bondi, yaani dhamana, na muhuri wa kielektroniki. Kenya inapata ada za bandari, usafiri na ajira za madereva. Ushuru unakwenda kwa wenyewe. Dar es Salaam ni hivyo hivyo kwa mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo bandari ikivunja rekodi ya tani, msitarajie forodha ivunje rekodi kwa kiasi kile kile.

Hata hivyo forodha ni kama theluthi moja ya makusanyo yote ya KRA, karibu bilioni 879 mwaka 2024/25. Kwenye mzigo unaobaki nchini, muagizaji analipa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao ni 0, 10, 25 au 35 kwa asilimia, ile ya 35 ikiwa imeongezwa Julai 2022. Juu yake kuna VAT, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, na tozo ya reli asilimia 2. Watanzania nao wana tozo yao ya reli, waliianza 2015. Kwa hiyo ushuru wa forodha wenyewe hautofautiani sana kati ya Mombasa na Dar. Tofauti iko kwenye hizi tozo za juu, na mimi nimeona wateja wakihama bandari kwa ajili ya tozo za juu na siku za kungoja, siyo kwa ajili ya ushuru.

Kwa nini Mombasa haioni? Kwa sababu ushuru wa forodha ni wa taifa. Katiba, kifungu cha 203, inataka kaunti zote 47 zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, tena kwa kipimo cha mapato yaliyokaguliwa na kupitishwa na Bunge, ambayo mara nyingi ni ya miaka ya nyuma. Hakuna fungu la bandari kwa ajili ya mji unaoibeba bandari, na malori yanayovunja barabara za Changamwe na Miritini hayana mstari wao kwenye bajeti ya kaunti. Hilo tulidai kwa sauti kubwa, kama tulivyodai kazi za kutoa mizigo bandarini zirudi huku baada ya kulazimishwa kupeleka makontena Nairobi kwa reli. Lile lilisikika, agizo likaondolewa Septemba 2022.

---

Mama_Marikiti aliandika:

Basi nielezeni la mwisho. Kama tunakusanya mara mbili ya Watanzania kwa kila mtu, mbona dada yangu hospitali ya wilaya anapata dawa na mimi natumwa duka la nje?

---

Mwana_Kilindini alijibu:

Dada, la dawa hospitali moja moja siwezi kulisemea, lakini naweza kukuonyesha pesa inapokwenda.

Malipo ya deni, riba na mtaji pamoja, yanachukua zaidi ya nusu ya mapato yetu ya kodi. Riba peke yake, mwaka 2023/24, ilikula zaidi ya theluthi moja ya kile KRA ilichokusanya. Tanzania nayo inadaiwa, na deni lake linakua, lakini likipimwa kwa uchumi wake liko chini sana ya letu, na riba inawabana kidogo kuliko sisi. Ile faida yetu ya kukusanya mara mbili kwa kila mtu inaanza kuyeyuka kabla shilingi ya kwanza haijafika kwenye kituo cha afya.

Hii ndiyo sababu mkakati wa serikali wa kufikisha kodi asilimia 20 ya pato la taifa kufikia 2026/27 unanitia wasiwasi. Siyo kwamba lengo ni baya. Ukimpandishia kodi mwenye mshahara wa 50,000 ili ulipe riba, yeye anaona makato mapya na haoni dawa mpya. Mwambie mtu huyo kwamba anatozwa karibu sawa na mwenzake wa Dar, atakuuliza mwenzake anapata nini.

Muheza_Kwetu, kama unazo hesabu za halmashauri ya Tanga zilizochapishwa, za mapato ya ndani, tuwekee hapa. Mimi nitaleta za kaunti ya Mombasa za mwaka ule ule, tuzilinganishe mji kwa mji.

---

Muheza_Kwetu alijibu:

Ninazo za mwaka uliopita, mkuu. Nipe hadi Jumamosi nizipange vizuri, nitaziweka na mgawanyo wa ushuru wa mazao, maana huko ndiko machungwa yangu yalipo.